Upawa wa Ishirini na Saba

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani
ziliingia bwaloni kwa mlango mmoja.
Sista Adelhelma akanipa daftari:
"Fridolina, wewe ndiye kiranja wa chakula,
piga mstari katikati."
Kushoto mia mbili themanini na tano, wenye majivu pajini.
Kulia ishirini na saba, wenye kungoja magharibi.

Sisi wa kushoto tulijinyima vitu.
Hilaria aliacha umbea, akadumu siku mbili.
Mimi niliacha sukari,
nayo sukari ilikwisha kutuacha tangu Januari.

Mvua za Machi zilipiga Chikundi bila adabu.
Lori la maharage likazama matopeni ng'ambo ya Lukuledi,
tukala mbaazi, tukala mchuzi wa mbaazi,
tukala habari za lori.
Hata hivyo Jumamosi mdahalo ulifanyika,
"Mvua ni bora kuliko jua,"
na upande wa mvua ulizomewa
mpaka mwalimu Mrope akafunga kitabu.

Jioni kengele ya Malaika wa Bwana ikilia
sisi tunasema Amina, tunakaa, tunakula.
Wao wanakaa nasi, vikombe vitupu mbele yao,
robo saa na ushee,
wakitusimulia netiboli tusipaliwe na aibu.
Kisha mzee Mnali anafunua sufuria yao ndogo,
uji wa mtama wenye vipande vya korosho,
zile zilizovunjika, ambazo mnunuzi hazitaki.
Nami nachota.
Kila kikombe upawa unagonga ukingo: ko.
Ko. Ko.

Siku ya lori la nne kutofika
niliingia jikoni kutafuta chumvi.
Sikutafuta chumvi.
Nilikunywa nimesimama, nyuma ya mlango,
uji ukaniunguza ulimi, nikaendelea kunywa,
na majivu ya Jumatano yalikuwa yameoshwa kitambo
ila nilijifuta paji.

Magharibi nikachota ishirini na sita.
Wa mwisho kwenye mstari alikuwa Somoe Namangaya,
kidato cha tatu, mlinzi wa goli, mrefu kama mwiko.
Upawa haukugonga. Ulikwangua.
Akapokea nusu kikombe,
akasema Bismillahi,
akamkatia kidogo binti wa kidato cha kwanza
aliyekuwa ametapika mchana.

Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba,
nikapiga magoti kwa Padre Otmari.
"Nimekunywa uji usio wangu."
Kimya. Mvua juu ya bati.
"Mwenyewe umemwambia?"
"Bado, Padre."
"Basi umeruka foleni, mwanangu.
Nenda kaanze na wa mbele."

Nilimkuta bombani, kapandisha sketi magotini,
povu hadi viwikoni.
Nilikuwa nimepanga maneno tangu kanisani,
yakamwagika yote kwa mkupuo, hata yale ya sukari.
Somoe hakuinua kichwa.
"Nilijua," akasema.
"Mtu mwenye njaa anahesabu.
Kila siku upawa wako unalia mara ishirini na saba.
Siku ile ulilia ishirini na sita,
halafu ukakohoa."

Nikangoja aseme amesamehe.
Nikangoja hata atukane, ningeshukuru.
Akanirushia ncha ya shuka lililolowa:
"Shika huku. Kaza."
Yeye akasokota kulia, mimi kushoto,
shuka likawa kamba, kamba ikalia,
maji yakatiririka miguuni petu,
meupe kwanza, kisha safi.

Shuka halikuwa lake.
Lilikuwa la yule binti wa kidato cha kwanza.
Tulilianika uani,
na kabla ya kengele mvua ikalilowesha tena.